Vibuyu Tulivyoviacha Vipite

Mimi si mtoto wa mto. Nilizaliwa upande wa Kabambare, vilimani, ambako mto mkubwa kuliko yote tulikuwa tunauvuka kwa miguu, nguo imepandishwa magotini na mtoto mgongoni. Nilipoolewa nikaletwa Lualaba, kwenye kijiji kilicho juu kidogo ya Nyangwe. Nilipoyaona yale maji kwa mara ya kwanza, nilimuuliza mume wangu upande wa pili ni nchi ya nani. Alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile nilikiweka moyoni. Nikajiapiza kwamba mambo ya mto nitayajua kuliko waliozaliwa humo, na mimi nikijiapiza huwa sirudi nyuma. Mama yangu alikuwa akisema huo ni ugonjwa, na kwamba hajui nimeurithi kwa nani. Alijua vizuri sana.

Hizo zilikuwa zamani za Wabelgiji, miaka ile ya baada ya vita ya pili, pamba ikiwa ni lazima kwa kila nyumba. Mume wangu alikuwa kapita wa kivuko cha Serikali, yaani kiongozi wa wapiga kasia. Kivuko chenyewe kilikuwa mitumbwi minne mikubwa iliyofungwa pamoja, mbao zimepigiliwa juu yake, na juu ya mbao lori zima lenye magunia ya pamba. Wanaume kumi na wawili walilivusha kwa mikono na kwa nyimbo. Likifika upande wa pili salama, hakuna aliyesema asante. Lisipofika, kulikuwa na mtu wa kuulizwa, na mtu huyo alikuwa baba wa watoto wangu.

Jambo la kwanza alilonifundisha mama mkwe wangu halikuwa kupika samaki. Lilikuwa hili: kitu kinachoelea hakiachwi kipite. Ukiona kasia linakuja na maji, au mkeka, au kibuyu, unaingia mtumbwini, unakifuata hata katikati ya mto, unakileta kwenye mchanga wa ukingoni kwetu na kukitundika juu ya mti wa panda mpaka mwenyewe aje. Hungoji kuambiwa. Kitu hakitembei peke yake mtoni. Huenda nyuma yake kuna mtu anayezama, na kama amekwisha kuzama, ndugu zake watapenda kujua kwamba kasia lake lilifika mikononi mwa watu. Kulikuwa na mwanamke mmoja kijijini aliyewahi kuacha mtumbwi mtupu upite kwa sababu sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa inaungua jikoni. Nilipofika alikuwa bibi kizee asiye na meno, na bado watu walimtaja kwa ile sombe.

Basi mimi mgeni ndiye niliyekuwa mkali kuliko wenyeji. Nilikuwa wa kwanza kuona, wa kwanza kuingia mtumbwini, na nilijifunza kupiga kasia nikiwa na mimba. Nilifukuza mpaka mabua ya miwa. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alinitania kwamba siku moja nitaokoa povu.

Halafu akaja Mzungu wa kupima maji. Alitoka Kasongo na karani wake, meza ya kukunja, saa iliyoning'inia kifuani, na mikebe kumi na miwili iliyozibwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu. Serikali ilikuwa inafikiri kuhamisha kivuko. Barabara mpya ingepita karibu na mchanga wetu, na kutoka hapo mpaka kwenye kivuko cha zamani, kule chini, palikuwa na mwendo. Kazi ya Mzungu ilikuwa kujua maji ya juu yanakwenda wapi, na kwa mbio gani. Alisimamisha miti miwili ukingoni, akatuma mtumbwi utupe mikebe katikati ya mto, akahesabu kwa saa yake muda wa kutoka mti wa kwanza mpaka wa pili. Baada ya mti wa pili kuna ulimi wa msitu unaoingia majini, mto unapinda nyuma yake, na yeye hakuona tena kitu. Nyuma ya ulimi ule ndiko tulikokuwa sisi wanawake, tukiloweka mihogo.

Niliiona ile mikebe inakuja, myekundu, inachezacheza juu ya maji.

"Ile iko vitu ya Muzungu," wifi yangu akasema.

"Muzungu naye anaweza kuzama," nikamjibu, nikiwa tayari mtumbwini.

Tulifanya kazi asubuhi ile. Mikebe ilikuwa inapita mbali, na mitatu ilitushinda, ikaenda zake chini. Nilirudi na mikebe tisa, nikaipanga kwenye mchanga kama desturi inavyotaka. Mwenyewe alipokawia kuja, nikaijaza kapuni, nikamfuata nayo kichwani mpaka penye meza yake. Nilitembea kwa maringo, sitaficha.

"Bwana iko anauliza, umezipata wapi?" karani akasema.

"Hapa kwetu, ku muchanga. Zote tisa."

"Na ile tatu?"

"Ile tatu ilitupita. Atusamehe."

Sidhani karani alitafsiri habari ya kusamehewa. Aliona ni adabu za wanawake tu. Mzungu alitabasamu, akaandika sana, akaamuru nipewe chumvi. Hakuna aliyeniuliza mikebe ilifikaje kwenye mchanga, nami haikunipitia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyejua. Nilirudi nyumbani na chumvi yangu kama mtu aliyepewa nishani.

Wiki chache baadaye mvua zilikuwa zimeanza na mto ulikuwa unapanda. Mume wangu aliingia jikoni mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kuja, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Kivuko inahama," akasema. "Inakuja hapa ku muchanga yetu."

Nilifurahi. Nikamwambia sasa atakula chakula kikiwa na moto.

"Maji ya hapa inavuta ku majiwe, mama," akasema. "Kamyo ya pamba ikiwa juu ya mbao, watu kumi na mbili hawawezi kuishika. Nimeambia karani. Anasema karatasi ya Bwana inaonyesha maji inaleta vitu yenyewe ku muchanga. Mikebe tisa ilifika yenyewe."

Mawe aliyoyasema niliyajua. Yako chini ya mchanga wetu, upande wa pili, na wakati wa mvua wavuvi huyapita kwa mbali huku wakinyamaza. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauweka chini.

"Haikufika yenyewe," nikasema. "Mimi ndiye nilienda kuikamata."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba akikataa kazi atatiwa gerezani, na mwenzake atawekwa mahali pake, na mwenzake naye ana watoto. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimempeleka mume wangu kwenye mawe kwa mikono yangu miwili, nikalipwa chumvi juu yake. Baada ya haya ikaja hofu, na baada ya hofu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Kesho yake nikaenda kwenye nyumba ya wageni ya Serikali, mwendo wa asubuhi nzima, nikiwa na kibuyu kitupu mkononi. Karani alinikuta barazani. Nilimweleza yote. Uso wake ulibadilika, maana aliona kosa linamwendea na yeye.

"Rudi nyumbani, muke ya kapita," akaniambia. "Bwana iko anafunga mizigo. Kisha siku tatu anaenda Kabambare."

"Kabambare iko kwetu, mi najua njia," nikasema. "Nitamufuata mpaka kule."

Nikakaa kwenye ngazi. Ngazi ilikuwa moja tu, na Mzungu alipotaka kutoka ilimbidi aniruke au aniulize. Aliuliza. Karani akatafsiri, shingo upande, na nilijua ametafsiri kweli kwa sababu Mzungu alikasirika. Alitaka kujua kwa nini nilimdanganya. Nikasema sikumdanganya, nilimrudishia vitu vyake, na kwetu kitu kinachoelea kinakamatwa, na kama hakujua hayo, alikuwa anapima maji ya watu asiowajua. Maneno ya mwisho karani hakuyatafsiri.

"Atupe tena," nikasema. "Safari hii hatutakamata."

Karani akanijibu kwamba mikebe imekwisha kutangulia Kabambare na mizigo mingine. Ndipo nikauinua ule mkono wenye kibuyu. Palikuwa na pipa la maji ya mvua pembeni ya baraza. Nikakiweka kibuyu juu ya maji nikakipuliza, kikakimbia upande wa pili kwa pumzi yangu. Kisha nikatia mchanga kidogo kidogo, nikakiziba, nikakirudisha. Safari hii kilisimama wima, shingo tu ikiwa nje, nikapuliza mpaka nikaona kizunguzungu, nacho hakikujali. Nilikuwa nimejaribu hivyo jana yake katika dimbwi la mihogo, kwa sababu nilikumbuka jinsi mikebe ilivyokuwa inachezacheza, na nikafikiri kwamba kitu chepesi kinatii upepo pia. Mzungu alichuchumaa mbele ya pipa. Akapuliza na yeye. Akasema kitu, na karani akanipa jibu bila kunitazama.

"Kesho kutwa, asubuhi moja tu. Usipokuwa tayari, anaenda."

Vibuyu vya kwangu vilikuwa vinne. Nilihitaji vya jirani, na nilihitaji kitu kigumu zaidi ya vibuyu: kwamba wanawake wote wa ukingo ule wasimame waone mali inapita na wasiiguse. Niliwaita kwenye dimbwi la mihogo. Nikaanza kwa kusema kosa langu, kwa sauti, watu wote wakisikia, jinsi nilivyokamata ile mikebe na kuipeleka, na kitakachompata mume wangu na wale wanaume wengine kumi na mmoja. Wake zao walikuwa pale. Hakuna aliyenitukana, lakini mmoja aligeuka akanipa mgongo, na mgongo ule nauona mpaka leo.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekataa. Alikuwa mwanamke wa sala, mwenye rozari shingoni, na mambo ya mto aliyashika kwa mkono uleule alioshikia rozari.

"Vibuyu nitakupa," akasema. "Lakini mimi siache kitu ipite. Sikuache tangu nizaliwe."

"Mama, iko mutoto wako ndani ya ile kivuko."

"Najua ni mutoto ya nani. Nilimuzaa mimi."

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza, kwa kuwa nilijua nikimshinda kwa maneno atanishinda kwa kukaa kimya. Nikamuuliza tu, kwa upole ambao si wa kawaida yangu, kama hakuna siku hata moja ambayo watu wa mto wanaruhusiwa kuacha kitu kiende. Alifikiri akichezesha rozari. Akasema ipo. Mtu akiwa na mtumbwi uliooza na anautupa, anasimama ukingoni mwenyewe, anapiga kelele ili watu wa chini wasijisumbue: huu ni wangu, mimi ni mzima, uacheni uende.

"Basi tutapiga kelele," nikasema.

"Wote?"

"Wote wenye vibuyu."

Alinitazama kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza tangu mahari. Akaingia ndani kwake, akatoka na kibuyu chake cha mafuta ya mawese, kikubwa, kimeiva wekundu kwa miaka ya kutumiwa. Akamimina mafuta kwenye chungu, akanipa kibuyu. Baada ya hapo hakuna aliyebaki na chake.

Tulivipima mchanga siku nzima, kimoja kimoja, dimbwini, mpaka kila kimoja kikasimama na shingo nje. Tukaviziba kwa nta, tukazipaka shingo udongo mweupe ili zionekane kwa mbali. Vilikuwa ishirini na viwili. Kila mwanamke alikigusa chake kabla hakijapakiwa mtumbwini, na mume wangu ndiye aliyepiga kasia kwenda kuvitupa katikati ya mto, kwa sababu alisema kama ni mambo ya kufa kupona, ni yake kwanza.

Asubuhi ile wanawake walisimama ukingoni kwa kuachana, kutoka ulimi wa msitu mpaka kwenye mchanga na kuendelea chini. Mzungu alisimama kwenye mti wake wa pili na saa yake. Aliuliza atajuaje vibuyu vimefika wapi nyuma ya kona. Sikuwa nimelifikiria hilo, lakini jibu lilikuja lenyewe, maana kibuyu cha kwanza kilipotokea, mwanamke wa kwanza alipaza sauti.

"Iko na mwenyewe! Mwenyewe iko muzima! Ipite!"

Kisha wa pili, chini yake. Kisha wa tatu. Sauti zilikwenda na maji. Mzungu aliinua kichwa, akatazama saa, akatazama kule sauti zilikokuwa zinakimbilia, akaelewa. Akaanza kutembea kwa kuzifuata, halafu kukimbia, karani nyuma yake na mimi nyuma ya karani. Tulipita nyuma ya mgongo wa kila mwanamke. Wengine walikuwa wanalia huku wanapaza sauti, na sikuwacheka. Mama mkwe wangu alikuwa amewekwa kwenye mchanga wenyewe. Kibuyu chake kilipita mbele yake, mbali, shingo nyeupe juu ya maji. Nilimwona ameingia majini mpaka magotini, mikono imetangulia. Wifi yangu alikuwa amemshika nguo kwa nyuma. Mama akasimama. Akaita kwa sauti kavu kwamba ni chake, na kwamba yeye ni mzima, na kiende.

Hakuna hata kimoja kilichogeukia mchanga. Vyote vilishika katikati, na baada ya mchanga vikaanza kuvutwa upande wa pili, kwanza taratibu, halafu kwa mbio ambayo hata wanawake walichelewa kuiita. Tulisimama mwisho wa njia, tukitazamana na mawe ng'ambo ya maji. Kibuyu kikipasuka kwenye jiwe hakipigi kelele kubwa. Tulisikia vikipasuka kimoja baada ya kingine, na viwili tu ndivyo nilivyoviona vikitokea chini ya mawe na kuendelea na safari.

Mume wangu alifika na mtumbwi, akiwa ameambaa na ukingo wetu, amelowa. Akashuka akasimama kando yangu. Mzungu alikuwa bado anatazama mawe. Hatimaye alisema, na karani akatafsiri polepole.

"Bwana anasema ameona. Lakini karatasi imekwisha kwenda Kasongo kwa wakubwa. Kuibadilisha, lazima aandike kama yeye alikosea."

Akasita, kama mtu ambaye ametueleza kwa nini haiwezekani.

"Mwambie mimi nilisema kosa yangu mbele ya kijiji muzima," nikasema, "na mimi ni mugeni hapa. Yeye aandike yake."

"Hiyo siwezi kusema, mama."

"Sema," mume wangu akamwambia.

Karani akasema. Shingo ya Mzungu ilikuwa nyekundu tangu kukimbia, na sasa wekundu ukapanda mpaka kwenye paji la uso. Sikuinamisha macho. Nilikuwa nimeamua kwamba hata akiniita askari nitakuwa nimesimama palepale, na nadhani aliliona hilo, kwa sababu hakumwita mtu. Alitoa daftari mfukoni, akaandika hapo hapo amesimama, akakata maneno, akaandika tena. Mimi wakati ule sikujua kusoma. Nikamuuliza karani anaandika nini, na karani akanyoosha shingo juu ya bega la bwana wake.

"Anaandika maji inaenda ku majiwe," akaninong'oneza. "Na anaandika alikosea."

Kivuko kilibaki kule chini kilikokuwa. Mume wangu alivusha malori mpaka Wabelgiji wakaondoka, na walipoondoka akaendelea kuvusha. Alikufa kwa homa, mchana, kitandani kwake, watoto wote wakiwa wamesimama pale, na hakuna mtu aliyelazimika kwenda kumtafuta mtoni.